Kumi na Mmoja Walionyolewa

Jumamosi tarehe kumi mwezi wa tano, timu ya chuo chetu ilifungwa mabao matano kwa bila huko Bunda. Jumatano iliyofuata, asubuhi, mume wangu alifariki. Watu wakinipa pole hutaja lile la pili tu, na ni haki yao. Kwangu mambo hayo mawili yalikuja pamoja, na mpaka leo sijaweza kuyatenganisha, kwa sababu timu ile ilikuwa yake.

Alikuwa dereva wa chuo. Mimi ni mpishi wa palepale. Chuo chenyewe ni kidogo, kipo Musoma, na wanafunzi wengi ni wasichana. Wavulana mwaka ule hawakufika arobaini, na ukiondoa wenye miwani, wenye pumu na wanaosema dini yao haiwaruhusu kucheza Jumamosi, ilibaki timu moja isiyo na akiba. Mwalimu wa michezo alipohamishwa, mkuu wa chuo aliuliza nani atakaa na vijana. Kwa kuwa mwenye ufunguo wa basi alikuwa mume wangu, wakasema basi akae nao yeye. Hivyo ndivyo alivyokuwa kocha, na hakuna aliyemlipa kwa hilo.

Hakuwa kocha mzuri. Nasema hivyo na nilimpenda. Mpira alikuwa ameucheza shule ya msingi tu, na mambo ya kupanga mabeki aliyasikiliza redioni, akayachanganya. Lakini alikuwa na jambo moja ambalo sikuliona kwa mtu mwingine, na nililiona kwa macho siku ile ya Bunda, maana nilikuwa nimekwenda nao kununua mchele.

Wakishafungwa, aliwapandisha kwenye basi na hakuna aliyeruhusiwa kuzungumzia mechi. Wangeongea habari za wasichana, za mitihani, za samaki, chochote. Basi likishapita njia panda ya kwenda Butiama, alipunguza mwendo, na bila kugeuka nyuma alianza yeye.

"Mimi nimekosea. Nimempanga beki wa kushoto na nilijua mguu unamuuma. Nilimwona anavyopanda ngazi ya basi asubuhi. Nikanyamaza kwa sababu sina mwingine. Pole, mwanangu."

"Hamna shida, kocha."

"Shida ipo. Magoli mawili yamepita kwako. Haya, nahodha."

Nahodha, kijana mrefu wa Bugwema, alisema yeye amekosea kumjibu refa. Kipa alisema la tatu alikuwa anaangalia jua. Ikapita hivyo siti kwa siti. Ilipofika kwa winga, aliyekuwa na nywele nyingi zilizosimama katikati kama kishungi cha kuku, nywele alizozipaka mafuta kila siku na kuzitazama kwenye kioo cha basi, alisema, "Mimi leo sijakosea kitu."

Basi zima likacheka.

"Una bahati," mume wangu akamwambia. "Siku gari likizima utasukuma peke yako, maana wengine wote ni wakosaji."

Wakacheka tena, na waliofungwa matano wakaingia Musoma wanaimba. Nilikaa na mfuko wangu wa mchele nikimtazama kisogo. Tulikuwa tumeoana miaka ishirini na sita na siku ile nilimwona upya.

Ligi ilikuwa ya timu saba, za vyuo na taasisi za mkoa. Kila timu ilikuwa na mechi sita. Sisi tulikuwa tumecheza nne na kufungwa zote, na goli hata moja hatukuwa nalo. Hakuwaahidi kamwe kwamba watashinda. Alichokuwa anasema kila Jumatatu ni, "Tufike. Jumamosi tufike." Kwa sababu sheria ya ligi ilikuwa hivi: timu isiyofika uwanjani hupoteza mechi mezani, isipofika mara mbili, hufutwa, na haipokelewi tena miaka miwili. Chuo cha miaka miwili, timu ikifutwa miaka miwili, hatabaki hata mwanafunzi mmoja anayekumbuka kwamba iliwahi kuwepo. Hilo aliliogopa kuliko kufungwa. Alikuwaga ananiambia usiku, "Mama, hawa wakifungwa kumi watakuja Jumamosi ijayo. Lakini wakifutwa, watamfuata nani?"

Jumatano alikwenda kuangalia maji ya gari kabla ya safari. Mlinzi alimkuta amekaa chini ameegemea tairi, kofia iko mapajani. Walisema ni presha.

Tulimzika kwao, Butiama, Jumamosi. Siku hiyohiyo timu ilikuwa na mechi ya tano. Nahodha alimpigia katibu wa ligi kuomba isogezwe. Katibu alimpa pole, akasema ratiba imebana na wapinzani wameshafika. Vijana hawakubishana. Wakaja kuzika. Kwa hiyo mechi ile ilipotea mezani, na ilibaki moja, na hiyo wakiikosa, timu inafutwa.

Katekista alimaliza ya kanisa Jumamosi. Jumatatu ilikuwa ya ukoo. Kwenye ukoo wa mume wangu, siku ya tatu baada ya mazishi, watoto wa marehemu hukaa kwenye mstari mbele ya nyumba, mama mdogo wa marehemu huwanyoa nywele zote. Aliyenyolewa amekuwa mfiwa kweli, na anafungwa na miiko mpaka siku ya kumaliza msiba: asipaze sauti, asikumbatiane na mtu, asicheze. Sisi Mungu alitupa binti mmoja. Binti yangu akakaa, amejifunga kitenge, peke yake, na nyuma yake uwanja mtupu. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa anaita watoto wa binamu waje wajaze mstari ili watu wasiseme.

Ndipo wakaja. Walikuwa kumi na mmoja, kwa miguu kutoka barabarani, bado na yunifomu za chuo. Hakuna aliyewaita. Nahodha alishamwuliza mwenzake mmoja wa kabila la huko watoto wa marehemu wanafanyaje siku ya tatu, akaambiwa wananyolewa. Hakuuliza zaidi. Wakaamkia, wakakaa chini nyuma ya binti yangu, mmoja baada ya mwingine, kama wanavyopanga foleni ya chakula pale jikoni kwangu.

Bibi yule, mama mdogo, alikuwa na beseni la maji ya sabuni na wembe mpya. Macho yake hayaoni mbali. Alipomaliza kichwa cha binti yangu, mkono wake ukagusa kichwa kingine.

"Nyie ni watoto wa nani?"

"Wa kocha, bibi," nahodha akasema.

"Kocha ndiyo nani?"

"Huyu huyu tuliyemzika."

"Wote?"

"Wote, bibi."

Bibi akakaa kidogo na wembe mkononi. "Hakuniambiaga," alisema. Kisha akamwinamisha nahodha kichwa na kuanza.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka mlangoni. Hapa ndipo niseme kweli. Nilijua. Niliijua miiko yote, maana nilikuwa nimeolewa humo na nilimwona mume wangu akinyolewa baba yake alipokufa. Nilijua kwamba siku ya kumaliza msiba imewekwa wiki tatu mbele. Nilijua mechi ni Jumamosi, siku tano tu. Ningeweza kusema neno moja, "Ngojeni," na wembe ungesimama. Sikusema. Niliuangalia ule mstari unavyopungua nywele, na moyo wangu ulifurahi katikati ya msiba.

Winga alikuwa wa mwisho. Alizishika nywele zake kwa mikono miwili, akanitazama, halafu akaziachia. Kishungi kikaanguka mapajani mwake kizima. Akakiokota akakitia mfukoni.

Bibi alipomaliza, akaosha wembe na kuwatajia miiko kwa vidole. Msipaze sauti. Msikumbatiane. Msicheze.

Nahodha akainua kichwa chake kinachong'aa. "Bibi, hata mpira?"

"Kwani mpira si mchezo?"

Wakatazamana. Hakuna aliyesema kitu, maana walikuwa wameshaanza kutopaza sauti. Kisha wote wakanitazama mimi, na mimi nikatazama mkeka.

Nilimwomba shemeji awaruhusu wacheze. Alikataa mara ya kwanza, akakataa mara ya pili. Si mtu mbaya. Ni mfugaji, amezeeka na ng'ombe wake, na tangu mazishi alikuwa na mafua makali anatembea na kitambaa puani. Alisema mwiko wa ukoo hauangalii ratiba. Nahodha alinipigia simu Jumanne na Jumatano, na kila mara sauti yake ilikuwa ndogo zaidi. Jumatano alisema, "Mama, wengine wanasema tuvunje tu, tukacheze, nani atajua. Mimi nimewaambia kocha angejua. Lakini sijui kama nimesema vizuri."

"Umesema vizuri," nikamwambia. Nilipokata simu nilijisikia vibaya kuliko siku ya mazishi.

Alhamisi jioni nilimfuata shemeji nyuma ya nyumba, alikuwa anafunga ndama. Nilingoja amalize. Nikakaa chini.

"Shemeji, nina neno."

"Kama ni la huo mpira, nimeshasema."

"Ni langu mimi."

Akavuta kigoda.

"Siku ile vijana walipokaa kwenye mstari, nilijua wakinyolewa hawataweza kucheza. Wao hawakujua. Ningewaambia wangetoa pole tu wakarudi, na hakuna ambaye angewalaumu. Nilinyamaza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ndugu yako hakuwa na mtoto wa kiume. Niliona kumi na mmoja wamekaa, nikataka wanyolewe."

Akajifuta pua.

"Wewe ni mwizi," alisema. Hakusema kwa hasira. "Umeiba watoto wa watu."

"Ndiyo, shemeji."

"Sasa unataka nifanyeje? Niwarudishie nywele?"

Nilikuwa nimefikiria siku tatu nitakachosema, na nikakisema vibaya. Nilimkumbusha baba yao alipofariki. Mzee aliacha shamba la mihogo limepaliliwa nusu. Wao wawili, yeye na mume wangu, vichwa vimenyolewa, waliingia shambani wakamaliza ile nusu iliyobaki kabla ya msiba kwisha, kwa sababu kazi ambayo marehemu ameiacha katikati humalizwa na watoto wake. Hiyo nayo ni desturi ya ukoo.

"Ile ilikuwa kazi," akasema.

"Ndugu yako ameacha mechi moja."

"Shemeji, mpira si mihogo."

"Si mihogo."

"Unaliwa?"

"Hauliwi."

"Basi!"

Lakini hakuinuka. Akachokonoa udongo kwa kijiti. Mwisho akamwita mama yake mdogo, aliyekuwa ndani amejifunika blanketi, akamweleza yote kwa kilugha, pamoja na wizi wangu. Bibi alisikiliza hadi mwisho.

"Mlipopalilia ile mihogo mliimba?" akamwuliza.

"Hatukuimba, mama."

"Mlikumbatiana?"

"Na nani? Mihogo?"

"Basi na hawa wasiimbe wala wasikumbatiane," bibi akasema, akarudi kwenye blanketi lake.

Shemeji akaniambia masharti. Wataingia kama wanaoingia shambani. Hakuna kupaza sauti, hakuna kukumbatiana, hakuna kuinua mikono juu. Yeye mwenyewe atakuwepo. Akisikia kelele moja tu, anawatoa.

"Katikati ya mechi?"

"Katikati. Na wewe utakwenda, ukae nao. Ni wako, si ndiyo umewataka?"

Timu ikitoka katikati ya mechi ni sawa na isiyofika. Nilimweleza hilo. Akasema, "Basi wafunge midomo."

Mechi ilikuwa hapohapo Butiama, uwanja wa wenyeji, mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani. Vijana walikuja kutoka Musoma juu ya gari la mtu aliyeleta chumvi ya ng'ombe, maana basi la chuo halikuwa na dereva. Shemeji alitangulia na fimbo yake, mimi nikafuata nyuma na kanga kichwani, wao nyuma yangu kwa mstari. Watu waliokuwa wanatoka gulioni walisimama kututazama.

Shida ya kwanza ilikuwa kwa kamisaa wa mechi. Alikuwa mzee mpole mwenye faili, anaita jina, anatazama picha ya leseni, anatazama uso. Kwa nahodha alisita. Kwa kipa alisita. Alipofika kwa winga aliinua picha ile yenye kishungi, akakitazama kile kichwa kilichokuwa laini kama yai.

"Huyu siye," akasema.

"Ni mimi," winga akasema kwa sauti ndogo.

"Nini?"

"Ni mimi, mzee."

"Ongea, kijana! Mbona nyie wote mnanong'ona? Mmeleta mamluki?"

Winga akatia mkono kwenye begi lake, akatoa kile kishungi cha nywele, akakiweka kichwani. Kamisaa akatazama picha. Mmoja wa waamuzi akageuka pembeni mabega yakitikisika.

Shemeji akasogea. "Hawa wana msiba. Ni watoto wa marehemu mdogo wangu."

"Wote?"

"Wote kumi na mmoja."

"Mama mmoja?"

Shemeji akanyoosha fimbo kwangu. Kamisaa alinitazama, nami nilikuwa na kanga nyeusi na miguu ya vumbi. Akafunga faili. "Poleni sana," alisema. "Wacheze."

Sijawahi kuona mpira wa namna ile. Sikujua mpaka siku hiyo kwamba mpira unachezwa kwa mdomo nusu nzima. Nahodha ndiye aliyekuwaga anapanga mabeki kwa kupiga kelele, na sasa alikuwa anaonyesha kwa kidole, na wenzake wanakimbia wamempa mgongo, hawaoni kidole. Goli la kwanza liliingia hivyo, mabeki wawili waligongana vichwa, kila mmoja alidhani mwenzake anauacha mpira. Wakaanguka chini kimya.

Mashabiki wa wenyeji waliwakalia kooni.

"Wafungwa wametoroka!"

"Vipara! Mmekula nini, gundi?"

"Refa, waulize kama wako hai!"

Baadaye neno la msiba likazunguka uwanjani, na wengine wakaacha. Wengine hawakuacha. Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza miwa akaja akakaa karibu nami, akaniwekea kipande cha muwa mapajani.

Kipindi cha pili likaingia la pili, la kona. Halafu beki wa kushoto, yule wa mguu, akapigwa kwenye mfupa wa mbele wa mguu. Nilisikia ule mlio kutoka nilipokaa. Akaanguka, akavuta jezi akaiuma kwa meno, macho yamemtoka, na hakutoa sauti hata kidogo. Shemeji alikuwa amesimama pembeni ya mstari.

"Yule ameumia?"

"Ameumia."

"Mbona halii?"

"Umewakataza, shemeji."

Aliondoa kofia yake, akaishika mkononi, na hakuivaa tena mpaka mwisho. Beki akainuka akaendelea kuchechemea, kwa sababu hapakuwa na wa kumbadilisha.

Zilikuwa zimebaki kama dakika kumi na tano. Beki mmoja wa wenyeji aliupata mpira kwenye eneo lao, hana haraka, wanaongoza mbili, akageuka taratibu amrudishie kipa wake. Beki yeyote husikia mtu akija nyuma yake, maana anayekuja hupigiwa kelele na wenzake, "Nenda! Nenda!" Siku ile hakuna aliyeita. Winga wetu alitokea nyuma yake kama mtu anayemwendea ndama aliyekatika kamba. Akauchukua. Kipa akatoka. Winga akaupitisha pembeni yake, ukabiringika polepole, ukaingia.

Goli la kwanza la msimu mzima. Nilimwona winga anafungua mdomo. Nilimwona mpaka meno ya nyuma. Mikono ikaanza kupanda, ikafika mabegani. Shemeji alikuwa ameshika fimbo, na mimi nilikuwa nimeuma kanga yangu, kwa sababu kelele iliyokuwa inakuja ilikuwa yangu pia.

Winga akaishusha mikono. Akajiziba mdomo kwa yote miwili, akachuchumaa palepale mbele ya goli. Nahodha alikwenda mbio, akasimama ghafla hatua moja kutoka kwake, mikono nyuma. Wengine wakafika, wakasimama hivyohivyo wakimzunguka, kumi na mmoja vichwa wazi juani, hakuna anayemgusa mwenzake. Wengine walikuwa wanalia. Kisha wakageuka, wakarudi upande wao wakitembea.

Uwanja wote ulidhani limekataliwa. Mtu mmoja upande wa wenyeji, mmoja wa wale waliokuwa wanatukana, alipiga kelele, "Jamani, mmefunga! Shangilieni basi!"

Shemeji akainama sikioni kwangu. "Limeingia?"

"Limeingia, shemeji."

"Halali?"

"Halali."

Akajifuta pua, na kitambaa kilipofika machoni kikakaa huko kidogo.

Lile goli halikubadili kitu. Dakika za mwisho wenyeji walifunga la tatu. Filimbi ikapulizwa, vijana wakawapa wapinzani mikono, na kamisaa akaandika kwenye karatasi yake: mechi imechezwa, imekwisha, tatu kwa moja. Nahodha akatia sahihi. Tulimaliza ligi wa saba katika timu saba, hatuna pointi hata moja, tuna goli moja, na hatukufutwa. Kamisaa alimwambia nahodha kwamba barua ya mwakani itatumwa chuoni kama kawaida.

Tulirudi nyumbani kwa mstari uleule. Njiani winga alijisogeza mpaka karibu yangu.

"Mama, kocha angesemaje?"

Nikafikiri, nikaona nisimdanganye. "Angesema la tatu hukurudi kukaba."

"Ni kweli sikurudi," alisema, na akacheka amejiziba mdomo, mabega yakitikisika, mpaka mwenzake wa nyuma akamsukuma aendelee kutembea. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akikubali kosa.

Bibi alikuwa amepika ugali na dagaa wa kukaanga kwenye nyanya. Wakakaa chini uani makundi mawili, shemeji akakaa na kundi la nahodha, jambo ambalo hakulifanya siku nyingine zote za msiba. Alipomaliza tonge la tatu, shemeji akamwuliza nahodha, "Hiyo ligi yenu mwakani inaanza mwezi gani?"

"Wa tatu, baba mkubwa."

"Mwezi wa tatu nakuwaga na palizi," akasema. Akafikiri. Kisha akasukuma bakuli la dagaa mpaka mbele ya winga, akamwambia ale, gari la chumvi linaondoka.